Treni Tulizohesabu Buguruni

Papa wangu,

Nakuandikia kutoka soko la Kamembe, nyuma ya kibanda cha Maman, nimekalia gunia la muhogo wa Gashonga. Usicheke mwandiko. Sekondari niliiacha mwaka wa pili, unajua, lakini kwenye stendi yetu ya pikipiki ni mimi ninayewaandikia wenzangu barua za mapenzi, na wasichana wanajibu. Kwa hiyo vumilia.

Wiki ya nne sasa tangu tukuzike. Watu wananiuliza najisikiaje. Sijisikii. Ni kama mkono uliolaliwa: uko hapo, ni wako, ukiufinya haukwambii kitu. Nakula, naendesha pikipiki, nawatania abiria. Siku ya mazishi mdogo wangu alilia mpaka akatapika. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya padri. Kamba moja ilikuwa imefunguka, nikawaza tu, ataanguka huyu. Hakuanguka.

Kitu kimoja ndicho kinachonirudia, ile alasiri ya Dar es Salaam.

Miaka miwili iliyopita utingo wako wa lori aliugua ukanichukua mimi. Siku tano barabarani, na mimi nikijifanya nazijua gia zote. Tulipofika tukaambiwa kontena la yule mfanyabiashara wa Bukavu tutalichukua saa kumi jioni, tusichelewe hata dakika. Tulikuwa na nusu siku ya bure. Ukafunga lori, simu ukaiacha inachajiwa kwa mlinzi, ukasema, "Weye hujaona treni hata siku moja. Kuja."

Tukaenda Buguruni, pale reli inapopita katikati ya watu. Ulinivulia saa yako ya mkono unipe kazi ya kuangalia muda, kwa sababu ulitaka macho yako yote mawili yawe ya treni. Saa hiyo hukuwahi kuigeuza safarini. Ilibaki na muda wa Kamembe ili ujue Maman anafunga kibanda wakati gani. "Ongeza lisaa limoja," uliniambia. "Hapa banatutangulia."

Nikasema ndiyo Papa. Mimi husema ndiyo upesi sana.

Kumbe wewe, dereva mzima wa masafa, ulikuwa na ugonjwa wa treni! Honi ilipolia, wanawake waliotandaza nyanya kando ya reli wakavuta mikeka yao bila haraka, kama mtu anayekunja miguu mgeni apite. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Mabehewa ya mafuta, ya kontena, ya vyuma sijui vya nini. Ulikuwa unahesabu midomo ikicheza kama mtu wa rozari.

"Ishirini na sita," ukasema.

"Ishirini na saba, Papa."

"Ulihesabu kichwa."

"Kichwa si treni?"

"Kichwa ni dereva. Dereva hahesabiwi pamoja na mzigo."

Yule mama muuza miwa akatusikia. "Jamani, mmetoka wapi nyie? Kwenu hamna treni?"

Nikamjibu mimi, nani mwingine? "Kwetu tuna ndege, mama. Inatua Kamembe karibu kabisa na migomba. Abiria anachuma ndizi dirishani."

"Haya, mwenye ndege! Na bado umekuja kukodolea macho mataruma yetu!"

Ulicheka, Papa. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kofia ikaanguka, ukaiacha chini. Tukangoja treni ya pili ili tumalize ubishi, nayo ikaleta ubishi mwingine. Ukaniuliza saa ngapi. Nikaangalia mkono. Saa tisa.

"Bado lisaa lizima, Papa."

Sikuongeza lile lisaa. Sina sababu nzuri ya kukupa, sikuongeza tu. Tukangoja ya tatu, tukanunua na miwa.

Tulipofika getini karani hakutazama hata karatasi zetu. "Mzee, inakaribia saa kumi na moja. Nafasi yenu amepewa mwingine." Tukalala pale siku nne. Yule mfanyabiashara akatafuta lori jingine. Patron, mwenye lori, alipopiga simu nilimsikia akifoka nikiwa nje ya kabini. Nikapanda, nikafungua mdomo, ukaniwekea mkono gotini.

"Ndiyo, patron. Ni miye. Nilichelewa miye."

Ulipokata simu ukasema, "Funga kinywa. Kosa ya mutoto inabebwa na papa yake. Usiseme hata kwa Maman yako."

Wakakunyang'anya safari za Dar. Wakakupa kubeba simenti, Bugarama na Kamembe, kwenda na kurudi, wewe uliyekuwa unazijua mizani zote za barabarani kwa majina ya walinzi wake. Na Kamembe unaujua mdomo wake: "Ako na mwanamuke kule Dar. Alilala kwake, muzigo ikamupita." Maman alikuuliza mara moja. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ukasema, "Nilichelewa tu," ukaendelea na ugali. Hukumuuliza kama anakuamini. Mimi nami nilikuwa nawasimulia vijana wa stendi treni ya mabehewa mia moja. Habari ya saa, kimya.

Siku ya kuondoa kilio, Tonton, ndugu yako, alinisimamisha mbele ya wote. "Weye ni mukubwa sasa, sema neno juu ya papa yako." Ndiyo ilikuwa nafasi, Papa. Nikasimama nikasimulia ulivyoziba tairi kwa kipande cha ndala. Watu wakacheka, hata padri. Yule jirani yetu muuza mkaa akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kuuza mkaa: "Angetuelezea ile ya Dar." Maman akainamisha kichwa. Mimi nikakaa, nikaomba fanta.

Hilo nimeshindwa kulizoea. Si huzuni, usidhani. Ni kama kokoto ndani ya kiatu cha mguu uliokufa ganzi. Huumii, ila unajua ipo.

Juzi Jumapili Maman alikuwa anachagua maharage uani. Nikamwambia yote, ya saa, ya miwa, ya mkono wako gotini. Nilisema kwa sauti kavu, kama ninasoma barua ya mtu mwingine. Hakuinua macho.

"Miaka mbili," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Miaka mbili ninalala na ule mwanamuke katikati yetu. Na weye uko unaniangalia."

"Ndiyo, Maman."

Nikangoja kofi. Mkono wake ulibaki ndani ya maharage. Kisha akauliza taratibu, "Alikuwa anacheka?"

"Nani?"

"Papa yako. Pale kwa treni."

"Sana, Maman. Mpaka kofia ikaanguka."

Halafu akasimama, akajipangusa, akaita juu ya ua, "Mama ya makala! Kuja hapa. Huyu mutoto iko na kintu ya kukwambia."

Nikamwambia. Mama wa mkaa akabaki anatazama miguu yake. Maman hakuishia hapo. Akanishika mkono wa shati kama mtoto wa shule ya chekechea, mimi mwenye pikipiki, akanipeleka kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, kwa Tonton. Tonton alinitukana vizuri sana, ungefurahi. Kila mlango Maman anasema, "Anza pale kwa saa," kisha anasimama pembeni mikono kifuani, anasikiliza kama hajawahi kusikia.

Nimesimulia mara saba. Bado sijalia, usinisubiri. Lakini kwa kinyozi, nilipofika pale unapomwambia patron "ni miye", sauti ilikatika, nikasingizia nywele zilizokuwa zinaruka.

Sasa naacha kalamu. Maman amefunga kibanda mchana kweupe, amevaa kile kitenge cha Pasaka, amesimama kando ya pikipiki anapiga honi yangu. Anataka nimpeleke kwa patron wako. Anasema huyo ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza.

Pumzika, Papa. Mzigo huu niachie mimi.

Mwanao wa kwanza