Mkwe Kavifunika Viazi

Casimira, umeamka? Shoga, nimekwisha!

Si unajua wiki nzima usiku una joto kama kwapa la llama? Viazi vyangu vya kukaushwa kuwa chuño vimelala uwanjani vikingoja baridi ivigandishe, hadi vimeanza kunuka. Jana baridi ikashuka kweli kweli. Nikalala nacheka.

Alfajiri natoka nikavikanyage vilivyoganda vitoke maji, nakuta uwanja mzima umefunikwa mablanketi. MABLANKETI, Casimira! Hata lile langu la harusi!

Ni mkwe wangu Yerko, mume wa Delfina. Si unajua kwao Santa Cruz hawajui baridi. Kasimama anatetemeka, kifua mbele.

"Mama, nimeviokoa! Vingeganda vyote!"

Vingeganda! Nikamuuliza, "Baba, kwenu samaki nao mnawakinga mvua?"

Nimevigusa, ni vuguvugu. Chakula cha mwaka mzima, shoga. Usiku mmoja tu wa joto tena, vimeoza.

Sasa nipo mlangoni natazama mbingu. Kuna wingu kule ziwani, silipendi; likitanda usiku, baridi haishuki. Delfina analia. Yerko anauliza afanye nini.

Nimemwambia leo alale nje kando ya viazi, bila blanketi. Nikisikia meno yake yanagongana, nitajua chakula tunacho.