Jiko la Elmi na Mbogo

Kawira uko? Ndugu yangu Mbogo ametuaibisha, sijui nitapita wapi hapa Kiritiri.

Unajua lile jiko la kupika nyama kwa moshi amekuwa akichomelea na rafiki yake Mwislamu, Elmi? Elmi ndiye alileta pipa la chuma kutoka Makutano. Aliomba kitu kimoja tu: nguruwe asiwahi kuingia humo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuliwasha. Elmi amefika na mbuzi amechinja mwenyewe, akafungua kifuniko akicheka.

Mbavu za nguruwe, Kawira! Zinachuruzika mafuta! Eti Mbogo alikuwa anajaribu moto.

Na unajua alisema nini? "Si tutaosha tu." Tutaosha! Mbele ya mama!

Na babu yake Elmi ndiye alificha babu yetu kwa lori wakati wa Emajensi, Wazungu wakisaka watu wa Mau Mau. Bila yeye hatungezaliwa.

Elmi hakupiga kelele. Alisema, "Babu yangu alipigwa na askari na hakumtaja babu yako. Mimi nilikuomba kitu kimoja."

Akafunga kifuniko polepole, akaondoka na mbuzi wake.

Saa hii Mbogo anasugua jiko na sabuni. Hakuna mtu anamsaidia.