Mtunza bustani amekwenda Mbegani

Arafa mwanangu,

Maharage yapo jikoni, yafunike. Nimefuata samaki, vibua, Mbegani. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi adhuhuri.

Tangu lini unaitwa Ticha Ema? Na hilo pazia lenye picha ya vitabu, linaficha nini? Leo asubuhi nilipita nyuma yako nimejifunga msuli wangu, yule mtoto wa Uchina unayemfundisha Kiingereza kwenye kompyuta akauliza ni nani. Ukamjibu, mtunza bustani! Binti, Kiingereza nilijifunza redioni. Nilisikia.

Ulipotoka kumfukuza jogoo (nani alimfunga dirishani, usiniulize) nilikaa kitini pako. Nikamwambia mimi ni baba yako, niliyemfundisha kiboko wa mto Ruvu kusoma, na wewe una jina la mama yangu. Kesho atakuita Arafa. Itika.

Baba