Memori ya Kukamua

KITUO CHA POLISI, GARSEN
Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa Jumatano tarehe 11 Agosti 1999, kuanzia saa nne asubuhi

Jina: Nuriya Zubeir
Umri: miaka 38
Kazi: fundi cherehani, pia mwenye chumba cha gemu ya kompyuta
Makazi: Garsen mjini, nyuma ya soko la mifugo. Mzaliwa wa Kipini

Mimi Nuriya nimekuja hapa kwa miguu yangu baada ya kuitwa kwa ajili ya Dukicha Gollo. Dukicha ni mlinzi wa ofisi ya Shirika la Misaada ya Bonde hapa Garsen, na yuko rumande tangu juzi. Inasemekana ameiba vijiti viwili vya memori kutoka kwenye kompyuta ya ofisi hiyo. Vijiti hivyo vilikuwa kwangu. Nalisema hili mapema ili tusizungushane.

Kompyuta yangu nilipewa mwaka jana na kaka yangu aliyeko Mombasa, ofisi yao ilipokuwa inatupa za zamani. Mafuriko ya El Niño yalikuwa yamenizolea majora yote ya vitambaa, nikabaki na cherehani na nzi. Niliiweka kompyuta chumba cha mbele, nikaiunga na jenereta ya duka la jirani yangu Kassim, na vijana wakaanza kuja kulipia gemu ya mbio za magari na ya mpira. Watu walinicheka, eti mwanamke wa Kipini anauza mchezo. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwanangu Mwanasiti amekula na kusoma kwa mchezo huo.

Mwaka huu vijana walileta gemu mpya ya mpira na kompyuta ikaonyesha uzee wake. Mchezaji akipiga shuti, mimi naweza kutia uzi kwenye sindano kabla mpira haujafika golini. Mara nyingine picha iliganda kabisa. Mmoja wao aliniambia, "Mathe, hii mashini imechoka. Sisi tutakuwa tunaenda Hola, huko kuna mpya." Nilimwambia aende, na nauli atapewa na nani? Nilicheka mbele yake, lakini nilijua wakienda kweli nimekwisha.

Mwezi wa tano nilimwita Josiah, fundi wa redio na kompyuta kutoka Wenje. Aliifungua, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akafuta programu tusizozitumia, na feni iliyokuwa inalia akaitia mafuta ya cherehani yangu. Ikapona kidogo. Kisha akasema, "Mama Mwanasiti, usinunue ingine. Hii akili iko nayo, nafasi ya kufanyia kazi ndiyo hakuna. Ni kama wewe unashona gauni la harusi juu ya kigoda. Ongeza memori tu." Niliuliza memori inauzwaje Mombasa. Alinitajia bei ya mtamba. Aliniulizia iliyotumika huko Hola, hakuna. Niliuza pasi yangu ya mkaa na bado haikufika hata nusu.

Siku Josiah aliponiletea jibu hilo, Dukicha alikuwa ameketi mlangoni kwangu. Huja mara nyingi mchana. Mafuriko yalipoingia upande wao, mkewe Batula na watoto walilala kwangu hadi maji yaliposhuka, na tangu hapo sisi ni watu wa nyumba moja. Dukicha aliuliza, "Hiyo kitu, ofisini kwetu iko?" Josiah, ambaye ndiye husafisha kompyuta za ofisi ile, alisema ipo, tena ya aina hiyo hiyo. Imo kwenye mashini ya chumba cha nyuma ambayo imefunikwa kitambaa tangu mama wa mahesabu aondoke. Hakuna anayeigusa. Dukicha alichukua fimbo yake akaenda zake. Nilidhani yamepita.

Mnamo tarehe 5 Juni, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, Dukicha alikuja kwangu. Hakuja kwa kujificha. Alipita katikati ya soko amevaa shuka jipya, fimbo begani, na nyuma yake walikuwa Josiah na Sabdio, mama anayeuza maziwa, ambaye ni mtu wa ukoo wa Dukicha. Kassim alimwona, na wanunuzi wa mbuzi walimwona. Alitoa vijiti viwili kwenye kitambaa, kila kimoja mfano wa kipande cha kitana, akavishika kwa mikono miwili. Alisema maneno haya, na nayakumbuka kwa sababu aliyasema polepole kama mtu anayefunga ndoa: "Mama Mwanasiti, hii si yako. Hii si yangu. Hii ya kukamua tu. Mwenyewe akiita, inarudi. Ikikufia mkononi, usinifiche, niletee ngozi. Sabdio anasikia. Josiah anasikia."

Afande ameniuliza maana yake. Mimi si Mworma, nitaeleza nilivyoelezwa. Kwa Waorma, mtu mwenye ng'ombe humpa asiye na kitu ng'ombe wa kukamua. Maziwa ni ya aliyepewa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na akifa hurudishwa ngozi ili ijulikane kwamba hakuuzwa. Hutolewa mchana, mbele ya watu, kwa sababu kinachotoka usiku ni wizi. Na aliyeachiwa kundi la ng'ombe wa watu, mwenyewe akiwa mbali, anaweza kumpa jirani mwenye njaa ng'ombe anayekaa bure, kisha mwenyewe akirudi anaambiwa. Meneja wa ofisi alimkabidhi Dukicha funguo zote mwezi wa pili, akaenda Nairobi, na hakurudi hadi juzi. Dukicha alijiona ameachiwa kundi.

Nilimuuliza, "Meneja anajua?" Akanijibu, "Akirudi nitamwambia. Mtu ameachiwa ng'ombe za watu, anaona jirani hana maziwa. Angoje barua ya Nairobi?" Sabdio aliitikia. Josiah alikuwa tayari ameshika bisibisi.

Josiah alivitia vijiti siku hiyo hiyo. Picha ikakimbia, mpira ukafika golini kabla sijatafuta hata sindano. Vijana walipiga kelele hadi Kassim akaja kuona kuna nini. Dukicha alisimama nyuma yao, asiyejua mpira wa kompyuta wala wa uwanjani, akicheka na kulihesabu kila goli kana kwamba amelifunga yeye. Niliwahi kumjua akiwa na zizi lake upande wa Kinakomba. Mafuriko na ugonjwa uliokuja baada yake havikumwachia hata ndama. Tangu hapo nilikuwa sijamwona akicheka. Mtu aliyezoea kuwapa watu ng'ombe alikuwa hana cha kumpa mtu, na siku hiyo alikuwa nacho. Moyo wangu ulifurahi, na ulifurahi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya gemu.

Mwishoni mwa Julai, mchana, friji ya Kassim ilizimika ghafla na umeme wa jenereta ukaruka. Kompyuta yangu ilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Josiah aliifungua, akasema kijiti kimoja kimekufa, kingine kizima. Niliwaita Dukicha na Sabdio, nikamtia Dukicha mkononi kile kilichoungua. Alikigeuza, akakinusa, akasema, "Basi, ngozi nimeiona." Alikirudisha ofisini na kukiweka juu ya kitambaa cha ile kompyuta. Nimeambiwa polisi walikikuta hapo hapo. Mwizi gani huyo anayerudisha mzoga mahali alipoiba?

Mnamo tarehe 9 Agosti, Jumatatu, meneja alirudi. Aliwasha kompyuta ya nyuma ikakataa. Alimuuliza Dukicha, naye akamjibu bila wasiwasi wowote kwamba memori iko kwa Mama Mwanasiti, inakamuliwa, moja imekufa na ngozi ndiyo hiyo, nyingine aiite tu itarudi leo. Haya Dukicha alimwambia Batula wakati anachukuliwa, na Batula ndiye aliyeniambia. Meneja aliita polisi. Mimi nilikirudisha kijiti kizima jioni hiyo. Kompyuta yangu sasa imerudi kwenye kigoda.

Jana saa nane mchana meneja alikuja kwangu. Alinisalimu vizuri, akanywa na chai. Alisema, "Mama, wewe huna kosa. Sema alikuuzia, ukadhani ni yake. Utakuwa shahidi tu, na biashara yako itaendelea." Nilishona hadi alipoondoka, na mshono wote nimeufumua leo asubuhi, ulikuwa umepinda.

Nimelifikiria neno lake usiku na mchana, sitajifanya sikulifikiria. Nina mtoto mmoja na sina mume. Lakini Dukicha hakuniuzia. Hakupokea kwangu hata kikombe cha sukari kwa ajili ya vijiti vile. Na yeye amekosea kwa jinsi alivyolelewa, alidhani ofisi ni boma. Mimi sina kisingizio hicho. Nimesoma hadi darasa la saba, kaka yangu ni karani, najua ofisi ni nini na mali ya ofisi ni nini. Siku ile Dukicha aliponyoosha mikono nilijua kwamba hana ruhusa. Nilijua, na nilivipokea, kwa sababu nilivitaka na kwa sababu sikuwa na uso wa kumwambia mtu yule, mbele ya Sabdio, kwamba zawadi yake haifai. Kama kuna aliyejua ni kosa katika chumba kile, ni mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda. Nimesomewa na sina la kupunguza.

(Sahihi) Nuriya Zubeir

Maoni ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Sarah Jepkorir, kwa Kiswahili kama yalivyotolewa. Kabla ya kutia sahihi nilimwonya shahidi kwamba neno "nilijua" linaweza kumfanya ashtakiwe kwa kupokea mali ya wizi, na kwamba ana hiari ya kuliondoa. Alijibu, "Nikiliondoa, Dukicha anabaki peke yake." Ametia sahihi saa sita na robo mchana. Kuanzia sasa si shahidi bali mshukiwa, na ataandikiwa maelezo mapya na afisa mwingine.

Wakati naandika maoni haya, Sabdio, muuza maziwa, ambaye alikuwa akingoja nje, ameingia bila kuitwa. Anasema naye alikuwepo na naye aandikwe. Josiah, fundi, amesimama nyuma yake akisema hivyo hivyo. Kassim yuko mlangoni. Karatasi za maelezo zimekwisha. Nimemtuma konstebo dukani.