Mstari wa Thelathini na Sita

Chumba namba saba, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 13, mwezi wa sita.

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo, dada yangu? Magoti bado yanakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji, kifua kimetulia? Mimi kwa mwili sijambo: presha imeshuka, na meno yaliyobaki yanaelewana. Kwa moyo, hapana. Tangu Jumamosi kiti hakikaliki. Nimepanga vitabu vyangu kwa ukubwa, nikavipangua, nikavipanga kwa rangi. Mzee wa miaka sabini na moja!

Unajua kwamba huku ugenini nafundisha Biblia kila Jumamosi mchana, katika karakana ya seremala mmoja wa kanisa letu. Anasogeza mbao zake, nasi tunakaa kwenye mabenchi yanayonukia vanishi. Wananiita Itifaki, kama kile kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia lilipo, kwa kuwa natoa sura na mstari bila kufungua. Sikatai, jina hilo lilinipendeza.

Wiki tatu zilizopita nilifundisha juu ya bidii. Nikasema, "Neno linasema: Jisaidie, nami nitakusaidia. Mithali kumi na nne, mstari wa thelathini na sita." Wakaandika. Miongoni mwao yumo mama mmoja, dobi wa hospitali, aliyejifunza kusoma mwaka jana tu katika darasa la watu wazima. Husoma kwa kidole, neno baada ya neno.

Jumamosi iliyofuata akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Sura ile inaishia thelathini na tano."

Ningeweza kusema, haya, tuangalie. Badala yake nikamjibu, "Basi mama, Biblia yako imekatwa mkia." Darasa zima likacheka. Kinyozi wetu, ambaye ulimi wake hauna breki, akadakia, "Rudisha dukani, mama! Umeuziwa mbuzi kwenye gunia!" Mwenyewe hakucheka. Aliifunga Biblia yake kwa kitambaa, akaipakata.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia zangu zote tatu. Thelathini na tano. Nikasoma Mithali yote, nikapita Mhubiri, nikashuka hadi nyaraka za Paulo. Maneno yale hayamo, Kitinda. Ni msemo wa watu tu, nami nimeutembeza miaka thelathini kama Maandiko. Huo mstari niliuokota wapi, hata sikumbuki.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilitafuta visingizio: labda chapa za zamani, labda tafsiri nyingine, labda maana imo hata kama maneno hayamo. Nilijua najidanganya. Nimewaambia watu wengi kwamba mfuasi wa Yesu hufundishika mpaka kaburini, kumbe mimi mwenyewe nilishafunga shule zamani.

Jumamosi hii nikasimama mbele ya wote. "Mama, wewe ulisoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi, na tena nilikudhihaki. Nisamehe."

Kinyozi akajipiga paja. "Kumbe huo mkia aliuunga Itifaki!"

Tukacheka, na yule mama pia. Kisha akasema, "Mwalimu, wiki nzima nilijiona mjinga. Nilitaka kuacha kusoma." Akakifungua kitambaa cha Biblia yake. "Nimekusamehe. Lakini hao uliowapa mstari huo zamani, nani atawaambia?"

Swali hilo ndilo linaloninyima utulivu, maana wa kwanza niliyemkumbuka ni wewe.

Mama yetu alipolala kitandani, uliniandikia nije tusaidiane kumuuguza. Njia ilikuwa salama wakati ule, na karatasi zangu zilikuwa sawa. Niliogopa. Niliogopa kuiona nyumba bila wale waliokuwamo, na kumwona mama asiyenitambua. Sikukuambia hivyo. Nilikuandikia mstari wa thelathini na sita. Wewe ukaamini ni Mungu aliyesema, na tangu siku ile hujaniomba jambo lolote. Nami nikajisifu kwamba nimeiimarisha imani yako.

Halikuwa neno la Mungu, dada. Ulikuwa woga wangu, niliouvika joho la mchungaji. Nisamehe. Na kama huwezi kwa sasa, sitakuharakisha, wala sitakutafutia mstari wa kukushurutisha.

Kuhusu darasa, tumekubaliana kwamba nikitaja andiko, dobi alifungue kwanza ndipo watu waandike. Inachukua muda. Kinyozi analalamika kwamba tutafika mbinguni tukiwa bado kwenye Mwanzo. Mimi nangoja, na kungoja ni kugumu kuliko nilivyodhani.

Nisalimie shemeji, shangazi mshonaji, na yule mjukuu wako mnayemwita Kijiko. Mwambie babu ameipata picha yake. Kwa binamu fundi redio, mwambie sijamsahau.

Nina ombi moja, kama utakubali. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza siku za mwisho za mama zilikuwaje. Alisema nini? Nani alikupokea zamu ulipochoka? Aliniulizia? Wewe unajua, mimi sijui. Nifundishe. Andika yote, usinihurumie.

Mungu aliyekaa nawe chumbani mle, nilipokosekana mimi, azidi kukaa nawe.

Nami ni kaka yako, akupendaye kwa kuchelewa.