Sale la mama mkwe

Jumapili, Machame

Nimelipokea sale lake kwa sababu kwetu jani hilo likiletwa kuomba msamaha halikataliwi. Ningeweza, ningemchapa nalo usoni.

Wiki tatu mama mkwe amenikorogea unga wa mizizi kwenye maziwa. Vidonge vyangu vya hofu alivitupa chooni, eti vitanifanya zezeta, na mimi mjinga nikakubali.

Leo baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, hofu ikanirudia. Moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaangusha mkungu wa ndizi nikipiga kelele kwamba nakufa. Washarika walicheka. Wanakwaya wenzangu ndio walicheka zaidi.

Jioni mama mkwe kaja na jani. Nikamuuliza, "Mama, mbona presha yako huitibu kwa huo unga? Kila asubuhi nakuona unameza kidonge cha hospitali."

Hakuona hata aibu. "Presha ni ugonjwa, mwanangu. Wako ni woga tu."

Kesho narudi hospitali, apende asipende. Jani nimempa mbuzi wake. Hata yeye kalitema.