Mita Mia Mbili za Kapiteni Bessodes

Jumamosi, 1 Juni 1889

Barua kutoka Paris. Mhandisi mmoja, Lemoisne, anakuja na ngazi za kamba na simu — ndiyo, simu! — kushuka Shimo la Kunguru. Anamwomba mume wangu, Fulcran Bessodes, amwongoze, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa Saint-Izarn aliyewahi kufika chini.

Fulcran ameisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Safi sana." Kisha hakugusa supu. Mimi nikaendelea kula.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya misa, mkahawani. Wamemzunguka tena. "Kapiteni, tuambie ya popo!" Naye akawaambia. Mita mia mbili kwa kamba moja, siku mbili gizani, ziwa la maji meusi, samaki wasio na macho wakimlamba miguu. Na popo. Nilipoolewa walikuwa saizi ya njiwa. Leo wamefikia batamzinga.

Niiandike hapa, maana sina pengine pa kuisemea. Mwaka ule wa 1867 alirudi siku ya tatu, mji mzima ukimshangilia na kumpa jina la Kapiteni. Alisema matope yalimfika shingoni. Suruali niliifua mimi. Matope? Hata tone! Mbegu za nyasi kwenye makalio, makombo ya jibini mfukoni. Alikuwa amekaa vichakani siku zote mbili, maskini, akiogopa kushuka na akiogopa kurudi.

Sikusema. Nilikuwa bibi harusi wa wiki tatu.

Jumanne, 4 Juni

Mvua! Barabara imekatika, mhandisi amekwama njiani. Fulcran anakata ngozi za glavu huku akipiga mluzi. Mungu asifiwe kwa mvua.

Alhamisi, 6 Juni

Jua. Na Lemoisne kafika. Mwembamba, miwani, adabu nyingi — anamwita Fulcran "mtangulizi wangu." Ingekuwa afadhali angekuwa na dharau.

Mume wangu ameanza kuchechemea. Asubuhi mguu wa kulia, jioni wa kushoto. Nimemwambia achague mmoja. Hakucheka.

Naogopa, nasema kweli. Ana miaka hamsini na mitatu, ana tumbo, akipanda ngazi ya ghalani anahema. Lakini atashuka. Afadhali afe mle shimoni kuliko kuchekwa mkahawani. Namjua.

Ijumaa, 7 Juni

Ee siku gani hii!

Mji mzima ulikuwa pale mdomoni mwa shimo, na vikapu vya chakula, na Meya Cabantous kavaa utepe wake. Kabla ya mtu yeyote kushuka, Lemoisne akateremsha uzi wenye kipande cha risasi nchani, apime kina. Ukashuka, ukashuka. Ukalegea. Akapima tena mahali pengine, na pengine. Akasafisha miwani yake.

"Mita thelathini na moja," akasema, kwa upole sana.

Sikuthubutu kumtazama Fulcran. Niliona tu viatu vyake.

Kisha sauti ya kwanza: "Mita za Paris hizo! Kwani zinalingana na zetu?" Mwingine: uzi umelowa, umevimba. Hakuna hata mmoja aliyemkasirikia Kapiteni. Walimkasirikia uzi! Na Meya — nitamwombea mpaka nife — akapanda juu ya jiwe.

"Bwana mhandisi, sisi kondoo wetu wakifa kwa maradhi tunawatupa wapi? Humu! Tangu enzi za mababu. Na ule mwaka wa tauni ya kondoo, je? Makundi mazima! Kapiteni alishuka mita mia mbili. Kondoo wamelijaza!"

Shangwe. Kofia hewani. Lemoisne akafungua mdomo, akatazama nyuso zile, akaufunga. Mtu mwenye akili.

Nilishusha pumzi hadi kidani kikafunguka.

Alasiri, karakanani, Fulcran akaweka mkasi chini. "Eulalie. Sikushuka."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofua ile suruali."

"Miaka ishirini na miwili! Na uliwaacha popo wakue vile?"

"Niliona wanakula vizuri."

Alilia, halafu tukacheka wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta. Amekula sahani mbili za supu. Nimejihisi kama niliyevuliwa kiatu cha kubana. Nikamwambia basi, yamekwisha, shimo limejaa, Meya kasema, hakuna atakayekudai kushuka.

Alikuwa anaangalia mikono yake.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya sanduku la simu. Yuko ndani!

Meya ana karamu ya ushindi, wote wako kule, hakuna wa kuacha nyama choma kwa ajili ya mita thelathini. Tuko Lemoisne, wavuta kamba wawili na mimi. Fulcran hakumuaga mtu mwingine. Alikuwa mweupe kama jibini. Nikamwambia, "Hulazimiki, mume wangu. Hakuna anayekuona."

"Ndiyo maana," akasema. Akakanyaga ngazi.

Mita kumi. Ishirini. Kengele ya simu — "Nimefika." Nikaangua kicheko! Amesimama juu ya mifupa ya kondoo, anasema inanuka, anasema miguu inamtetemeka. Hakuna ziwa. Popo mmoja, mdogo kama kidole gumba. Nimempenda leo kuliko siku ile ya shangwe.

Nikamwambia panda basi, chakula kinapoa.

Amekataa. Nyuma ya mifupa kuna ufa, upepo wa baridi unatoka humo. Ameingiza kichwa. Sasa ametupa jiwe — tumemsikia kwenye simu akihema alipolirusha. Nimehesabu. Tano. Sita. Saba. Lemoisne kanishika mkono bila kujijua. Tisa. Hatujasikia kitu.

Lemoisne kauliza kwenye simu: "Kapiteni, huko chini ni mita ngapi?"

Kisha yeye, polepole: "Sijui, bwana."

Nimemwomba Lemoisne amuulize tena. Nilitaka kulisikia neno hilo mara ya pili.

Fulcran anaomba kamba zaidi.